Vilivyodondoka

Mashine ilikuwa na umri wa siku moja na haikuwa na kitu ndani yake. Mzee Mbaruku aliiunda jana yake adhuhuri kwa ajili ya duka moja la vifaa vya umeme la Mtaa wa Narung'ombe, na duka hilo lilikuwa bado halijaleta hata herufi moja ya kuhifadhiwa. Aliipa jina, akaipa anwani, akaiacha iwake bure kama taa ya chumba kisicho na mpangaji. Asubuhi hii, saa tatu kasorobo, alipofungua jedwali la takwimu ili ahakikishe kwamba iko hai, aliona kwenye safu ya mwisho tarakimu nne: 3,118. Kwa Kiswahili alichokichagua yeye mwenyewe, safu hiyo iliitwa "vifurushi vilivyodondoka".

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Tarakimu zilikuwa zimefika 3,121.

Mashine isiyo na kitu ingedondosha nini?

Alikaa akiitazama safu ile kwa muda mrefu. Feni za mitambo zilivuma nyuma ya ukuta wa kioo, na kutoka chini, ghorofa nne chini, zilipanda honi za Mchafukoge na sauti ya mtu aliyekuwa akibishana na mwenye bajaji. Mbaruku hakusikia hata moja. Alikuwa akisikia sauti nyingine, ya kijana mrefu mwenye adabu, aliyesimama mbele ya meza hii hii miezi minane iliyopita akiwa na karatasi mkononi.

Kampuni ilitunza kumbukumbu za watu wa Kariakoo: picha za bidhaa, mikataba, barua, hata picha za eksirei za zahanati mbili. Zamani kila mteja angehitaji kompyuta yake. Siku hizi chuma kimoja kikubwa, seva, kilibeba mashine thelathini na zaidi zisizo na mwili, mashine pepe, kila moja ikijiona iko peke yake duniani, na zote zikichota kwenye ghala moja la diski kupitia mtandao. Data ilisafiri humo ikiwa imekatwakatwa vipande vidogo, kila kipande kimeandikwa kilikotoka na kinakokwenda. Mbaruku aliviita vifurushi. Hakuna mtu wa Kariakoo asiyejua kifurushi ni nini, na hilo lilimfurahisha.

Kiswahili kilikuwa fahari yake. Alianza kazi akiwa kijana katika chumba cha simu, akichomeka na kuchomoa nyaya, akasoma madarasa ya jioni mpaka akaifikia kompyuta, na katika miaka yote hiyo hakukubali kamwe kusema sentensi yenye lugha mbili. Nasreen, mkurugenzi wa kampuni, alipomwambia kwamba wateja wamechoka kuletewa ripoti za Kiingereza wasizozielewa, Mbaruku alikaa wiki tatu na kamusi. Kila safu ya takwimu aliipatia jina. Juu ya ile ya mwisho palikuwa na neno moja fupi la Kiingereza ambalo kamusi ililitolea maana nyingi: kudondoka, kuanguka, kuacha, kutupa, kushusha. Alichagua ya kwanza. Ilikuwa na mlio mzuri.

Mwezi wa kumi mwaka jana mitambo ilikuwa mizito. Picha moja ya kitenge ilichukua dakika nzima kufunguka, na daktari wa zahanati alipiga simu akiuliza kama eksirei zake zinaletwa kwa miguu. Mbaruku akaandika ripoti. Katika seva tano zilizokuwa chini ya fundi Aristides, vifurushi vilivyodondoka vilikuwa 1,412,906.

Aristides alikuwa Mhaya wa Bukoba, mwenye miaka thelathini na minne, aliyekaa naye ofisi moja kwa miaka sita. Kila mwisho wa mwaka alikuja na kopo la senene, akalipitisha meza kwa meza, na kila mwaka Mbaruku alilisukuma kando kwa kidole kimoja na kusema kwamba kwao panzi huachwa waruke. Walizoeana. Siku ile Aristides alikuja na rasimu ya ripoti.

"Shikamoo, Mzee. Hili neno 'vilivyodondoka', naomba ulitazame tena."

"Marahaba. Lina nini?"

"Hivi havijadondoka. Vimekataliwa tu mlangoni. Vingi si vyetu, ni kelele za jirani. Vingekuwa vyetu na vimepotea njiani, upande wa pili ungetuma tena, na ile hesabu ya kutuma upya ingekuwa juu. Hebu tuifungue pamoja."

Mbaruku hakuinua kichwa. "Aristides, mimi nimezaliwa mtaa wa Gerezani. Baba yangu kazaliwa Gerezani. Leo Kiswahili nifundishwe na mtu ambaye akisikia njaa anasema 'kwetu tunakulaga ndizi'?"

Ofisi nzima ilicheka. Aristides naye alicheka, kwa ile adabu ya mtu anayecheka utani wa mkubwa wake.

"Sawa, Mzee. Kiswahili ni chako," alisema. "Lakini vifurushi ni vyangu."

Mbaruku aliyachukua maneno yale kuwa ni ufedhuli. Ile hesabu nyingine hakuifungua.

Siku mbili baadaye wateja waliitwa kwenye kikao. Abdulswamad, muuza vitambaa mwenye tumbo na sauti, ndiye aliyeishika ripoti na kuwasomea wenzake. Alisoma vizuri, akipumzika penye nukta. Alipofika kwenye safu ya mwisho aliisoma, akairudia.

"Milioni moja, laki nne na ushee! Vimedondoka! Jamani, hata mvua ya masika haidondoki hivi!"

Watu waliangua kicheko, lakini kilikuwa kicheko chenye meno.

"Ngojeni, niseme mimi," Abdulswamad aliendelea. "Sisi hapa mpagazi akidondosha furushi Mtaa wa Kongo tunajua mambo mawili tu. Ama kasinzia, ama ana mwenzake nyuma anayeokota. Sasa nauliza kwa upole kabisa: nyuma yuko nani?"

"Muulize kwanza mwenye mkokoteni!" mtu mmoja alipaza sauti kutoka mlangoni.

"Ehe! Mwenye mkokoteni ni nani?"

Nasreen alimgeukia Mbaruku. Hapo ndipo alipokuwa na nafasi yake. Angeweza kusema kwamba ni takwimu za kuchunguzwa bado, kwamba fundi wake ana maoni mengine. Lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake ukumbi mzima ulikuwa umesoma maandishi yake na kuyaelewa neno kwa neno, bila mkalimani, na jambo hilo lilimlewesha kidogo. Alikohoa, akasema kwa sauti iliyonyooka:

"Seva hizo ziko chini ya Aristides."

Ijumaa Aristides aliachishwa kazi. Barua yake ilisema "uzembe uliosababisha kudondoka kwa vifurushi vya wateja". Jumapili Mbaruku mwenyewe alibadilisha diski mbili zilizochoka, ambazo mbadala wake ulikuwa umeagizwa tangu mwezi wa nane na ulikuwa umekwama bandarini mpaka wiki ile. Jumatatu mitambo ilikuwa myepesi kama upepo. Watu wakasema, mnaona? Mbaruku naye akasema, mnaona.

Sasa alikuwa mbele ya mashine isiyo na kitu, na mashine ile ilikuwa imefika 3,140.

Alifungua kitabu cha mwongozo, kile kizito cha Kiingereza, akakisoma polepole kidole kikiwa chini ya mstari. Hakikuwa kimeficha kitu. Mashine pepe zote za chuma kimoja, kilisema, husikia matangazo yanayopita mtandaoni, hata yasiyozihusu. Kila moja ina mlango wake, na mlangoni kifurushi huulizwa: wewe ni wa hapa? Kama si wa hapa hurudishwa, na mlango huhesabu kwamba umemrudisha mmoja. Ilikuwa kama mlinzi wa jengo hili hili la Mchafukoge, ambaye kila siku huwarudisha wauza sabuni, wauza dawa ya mende na waliokosea ngazi, na jioni husema kawakataa watu arobaini. Hakuna mpangaji angelia kwamba amepoteza wageni arobaini.

Alifungua seva tano za Aristides. Safu ya mwisho ilikuwa imeendelea kupanda miezi yote minane baada ya kijana kuondoka, kwa mwendo ule ule, huku wateja wakiwa wametulia na kuridhika. Halafu akafungua ile hesabu nyingine. Vifurushi vilivyotumwa upya, tangu mwezi wa saba mwaka jana hadi leo: thelathini na saba.

Thelathini na saba. Uzito ule ulitoka kwenye zile diski mbili. Kuiona hesabu hii kulihitaji kubonyeza mara mbili tu. Aristides alikuwa amesimama hapa, amemwomba wabonyeze pamoja, na yeye akamjibu kuhusu ndizi.

Mtu akikosea hesabu husema kwamba jicho limeteleza, na watu humwelewa. Mbaruku alijitafutia faraja ya namna hiyo na hakuipata. Jicho lake halikuteleza, lilikataa kutazama. Alikuwa amejenga jina lake juu ya kusikiliza, tangu enzi za chumba cha simu alipoweza kutambua kwa mkwaruzo mmoja tu kwamba waya wa Morogoro umelowa. Na siku moja aliyotakiwa kusikiliza kweli alisikia lafudhi tu.

Aliinuka akaenda kwa Nasreen. Mkurugenzi alikuwa akinywa chai ya tangawizi, ushungi wake umeteleza mabegani.

"Shikamoo, Mzee Mbaruku. Uso huo una nini leo? Kumezimika?"

"Marahaba. Hakujazimika kitu. Nimekuja kukwambia kwamba Aristides hakuwa na kosa."

Alimweleza yote, kuanzia mashine tupu hadi thelathini na saba. Nasreen alisikiliza bila kumkatiza, akizungusha kikombe juu ya sahani yake.

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

"Mzee wangu, ile barua niliiandika kwa maneno yako. Sikubadilisha hata nukta."

"Najua."

"Na sasa unataka niandike nyingine niseme tulikosea. Abdulswamad na wenzake watauliza, na leo mnakosea nini? Miezi minane imepita. Yule kijana naye atakuwa kapata kazi nyingine."

"Hajapata," Mbaruku alisema. "Anauza viatu mitumbani Mchikichini."

Alilijua hilo tangu mwezi wa pili. Mkewe, Siwema, alirudi kutoka mitumbani akamwambia, "Nimemwona yule kijana wako wa senene, yuko juani na rundo la viatu. Kaniamkia vizuri, kakuulizia hali yako." Mbaruku alimwambia chumvi imezidi kwenye mchuzi. Siwema alimtazama, akaondoa sahani. Na tangu siku ile, Aristides hakutajwa tena nyumbani kwao.

"Kila anapoomba kazi huulizwa barua yake," Mbaruku aliendelea. "Barua ni ile. Nani atampa mitambo mtu aliyedondosha vifurushi milioni moja? Iandike mpya, Nasreen. Au niandike mimi, kwa jina langu, niseme neno lilikuwa langu na kosa langu. Lakini itoke hapa."

"Andika," Nasreen alisema.

Aliandika kwa saa mbili. Mtu aliyezoea kuandika kurasa kumi kwa asubuhi alihangaika na mistari kumi na miwili. Kila neno zuri lilipomjia alilitilia shaka kwa sababu lilikuwa zuri. Mwishowe aliandika kwamba vifurushi vilivyotajwa havikudondoka wala havikupotea. Vilikataliwa kwa sababu havikuwa vya mashine zile. Kwamba fundi Aristides alilieleza jambo hilo mapema na kwa usahihi. Na kwamba aliyekataa kumsikiliza ni mwandishi wa barua hii. Nasreen aliisoma mara mbili. Akagonga muhuri wa kampuni, lakini sahihi yake hakuitia.

Njiani Mbaruku alipita kwanza dukani kwa Abdulswamad. Aliona kwamba jina la mtu lililochafuliwa mbele ya ukumbi halisafishwi kwa bahasha iliyofungwa. Abdulswamad alimpokea kwa mikono miwili, akamwekea kiti katikati ya majora ya vitambaa, akaagiza soda.

"Nimekuja kwa habari ya Aristides," Mbaruku alisema.

"Aristides ndiye nani?"

"Yule fundi. Wa vifurushi."

Abdulswamad alikunja uso akitafuta, kisha akacheka. "Aaa, yule Mhaya mrefu! Yule mwizi?"

"Hakuiba kitu. Hakuna kilichoibwa. Hakuna hata kilichodondoka."

"Lakini wewe mwenyewe uliandika, Mzee!"

"Niliandika vibaya."

"Basi yamekwisha," Abdulswamad alisema kwa ukarimu, kama anayemsamehe mtu deni dogo. "Sisi tulishasahau zamani. Kunywa soda yako, itaisha ubaridi."

Mbaruku hakuinywa. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa maswali, kwa kuitwa mzushi. Hakuwa amejiandaa kwa kusahau. Watu wale walimvunja kijana kwa dakika tano za kicheko, na kicheko chenyewe hawakukitunza hata msimu mmoja. Aliaga, akakata Mtaa wa Uhuru kwa miguu kuelekea Mchikichini, bahasha ikiwa mfuko wa ndani wa koti.

Mchikichini kulikuwa na jua kali na belo mpya za mitumba. Wauzaji waliimba kwa kupokezana, wakirusha mashati juu na kuyadaka. Aristides alikuwa chini ya turubai la bluu, amekaa kwenye kigoda, rundo la viatu mbele yake. Alikuwa akipitisha kamba mpya kwenye kiatu cha kahawia kwa uangalifu ule ule aliokuwa nao zamani akipanga nyaya. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alipoinua macho hakushtuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Aristides. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ukae." Alimpisha kwenye kigoda, yeye akachuchumaa. "Mama Siwema mzima? Alipita hapa siku moja."

"Mzima. Aliniambia."

Mbaruku alikuwa amepanga hotuba tangu Mtaa wa Msimbazi, akaiacha yote.

"Nimekuja kwa ajili ya lile neno," alisema.

Aristides alipitisha kamba tundu moja zaidi. "Umefungua hesabu ya kutuma upya?"

"Nimeifungua."

"Ngapi?"

"Thelathini na saba."

"Kwa mwezi ule?"

"Kwa miezi yote. Tangu wa saba mwaka jana mpaka leo."

Aristides alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa matokeo ya mechi aliyokwisha kuitazama. "Mimi nilikadiria hamsini."

"Aristides, mwanangu, mimi..."

"Kaka, hizi raba vipi?" mwanamke mmoja aliinama juu ya rundo. "Mbona zinanitazama kwa jicho baya?"

"Zimekupenda hizo, dada. Jaribu."

"Zinipende na kisigino kimeliwa hivi? Mwenyewe alikuwa anatembea kwa kuburuta, huyu Mzungu!" Akacheka, akaendelea kupekua upande wa pili wa rundo.

Aristides alikiweka chini kile kiatu cha kahawia. Alipozungumza tena sauti yake haikuwa na ukali, na Mbaruku angependa iwe nao.

"Ile barua niliitia kwenye begi nikaisahau. Krismasi nikaenda nayo nyumbani. Baba akaiona alipokuwa akitafuta wembe. Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika, Mzee, miaka ishirini anapima kahawa ya watu. Ingekuwa ya Kiingereza asingeielewa, ningemwambia chochote. Lakini ilikuwa Kiswahili kizuri sana. Kila neno alilielewa."

Mbaruku alihisi jua limepenya turubai na kumwingia kichwani.

"Akaniuliza, sasa mwanangu, ulipodondosha, hukurudi nyuma kuokota? Nikamweleza. Nikamchorea kwenye daftari, huu mlango, hiki kifurushi, hii anwani. Akawa anaitikia tu, ndiyo, ndiyo. Unajua mzee anapokuitikia ili usione haya. Mwezi wa nne akafariki. Karibu na mwisho aliniita peke yangu. Akaniambia, kama kuna kitu cha mtu, mrudishie."

Muuzaji wa jirani alirusha gauni jekundu hewani, akalidaka, akaimba. Mbaruku alitazama mikono yake mwenyewe magotini. Alitaka kusema pole, na neno hilo lilikuwa pale, dogo na tayari, lakini aliona kwamba amekwisha kutumia maneno mengi mno katika maisha ya mtu huyu. Alitoa bahasha akaikabidhi.

Aristides aliisoma barua mpaka mwisho. Akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akaikunja kwa mikunjo yake ile ile.

"Ni barua nzuri," alisema.

"Nitakwenda nayo popote unapotaka. Kila ofisi iliyokukataa, nionyeshe mlango. Na kama unataka kurudi kwetu nitaongea na Nasreen mpaka akubali."

"Kwenu sitaki kurudi, Mzee."

"Basi niambie la kufanya."

Aristides alijifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu.

"Mama yupo," alisema. "Yeye hajui kusoma. Alichokijua ni kile alichosomewa na baba. Mwambie yeye."

"Kwa Kiswahili?"

"Anasikia kidogo, cha sokoni. Wewe sema chako, mimi nitamfikishia."

Simu iliita mara nyingi. Ikasikika sauti ya mwanamke mzee, na nyuma yake kuku. Aristides alisema naye kidogo kwa Kihaya, akaweka simu katikati yao, juu ya kiganja, sauti ikiwa wazi. Mbaruku alijikuta amesimama.

"Shikamoo, mama," alisema. Huenda walikuwa rika moja. Huenda yeye ndiye mkubwa. "Mimi naitwa Mbaruku. Nilifanya kazi na mwanao. Vile vitu vilivyosemwa kwamba alidondosha, hakudondosha. Havikuwa vyake, wala havikuwa vya mtu aliyemtegemea. Vilikuja mlangoni kwake vimepotea njia, akavikataa, na alifanya sawa. Aliyeandika kwamba vimedondoka ni mimi. Aliniambia nisiandike, nikaandika."

Aristides alianza kufasiri. Alikwenda vizuri sentensi ya kwanza na ya pili, kisha akasita. Aliinua macho kwenye turubai, akatamka neno, akaliacha, akachukua jingine, nalo akalirudisha. Mbaruku, aliyekaa wiki tatu na kamusi akiwachagulia wengine maneno, aliyasikia yale yakipita mbele yake na hakutambua hata moja. Hakujua ni lipi lililokataliwa wala ni lipi lililopita. Hatimaye Aristides alipata alichokitaka, akakisema kwa sauti ya chini.

Upande wa pili mama akaanza kusema, polepole, kwa muda mrefu, bila kupandisha wala kushusha sauti. Aristides alisikiliza kichwa kimeinama. Mbaruku alisubiri sehemu yake ya Kiswahili.

"Anasemaje?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Kaka!" yule mwanamke aliita kutoka upande wa pili, ameinua kiatu kimoja cheusi. "Hiki mwenzake yuko wapi?"

Aristides aliinuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini labda lilikuwa vumbi la belo. "Shika, Mzee," alisema, akampa simu. "Bado anasema." Akaenda kupiga magoti kwenye rundo, akaanza kufukua kiatu baada ya kiatu.

Mbaruku aliizima ile sauti ya wazi, akaiweka simu sikioni. Mama hakuwa amegundua kwamba msikilizaji amebadilika, au aligundua na hakujali. Maneno ya Kihaya yalikuja moja baada ya jingine, mazito, yenye mwanzo na mwisho, na pale palipokuwa na pumziko alielewa kwamba anatakiwa kujibu.

"Ndiyo, mama," alisema.

Mama akaendelea.

"Ndiyo," Mbaruku alisema tena, akakaza simu sikioni kwa mikono miwili, kwa sababu wauzaji walikuwa wakiimba na hakutaka neno hata moja limpite. "Ndiyo, mama. Nakusikiliza."